Freni ya mukono na jiwe la konvoayeri

(Maneno ya shofere wetu kwenye mukutano wa wanachama, Mugunga)

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya freni ya mukono, na wengine wakacheka: freni nayo ni habari ya mukutano? Ngojeni.

Munakumbuka mwezi wa 2 mwaka wa 2025, kambi za hapa zilipoisha watu. Nilipakia familia tatu za kurudi Masisi, na matola, masufuria, mbegu ya maharagi. Ukipita Sake, barabara inapanda kwenda Mushaki. Tukasimama kwenye mupando sababu mama moja alikuwa anatapika. Nilivuta freni mpaka mwisho, ikaja laini kama kamba ya mbuzi. Nikashuka. Gari ikaanza kurudi nyuma, na nyuma kulikuwa watoto wanakojoa. Konvoayeri njo alitupa jiwe chini ya gurudumu. Hakuna mutoto aliumia. Gari ilikuwa ya kukodi, lakini kosa ilikuwa yangu: asubuhi sikuijaribu.

Ukivuta ile freni, kamba ya chuma inasukuma viatu vya freni ndani ya ngoma za magurudumu ya nyuma. Viatu vinalika, kamba inalegea, vumbi na maji vinaingia. Kwa hiyo hesabu: kwa Toyota nyingi tulizo nazo hapa, tik 5 mpaka 8 inatosha. Ikipita 10, peleka kwa makanika.

Na makanika naye mumuangalie. Wako wenye wanakaza tu nati ya kamba, dakika tano, "imekwisha, papa". Hapana. Kwanza azuie magurudumu ya mbele kwa mawe, alegeze freni, anyanyue nyuma kwa kriki na aweke kitu imara chini, maana kriki peke yake inaua. Akaze viatu ndani ya ngoma. Kisha njo nati ya kamba. Mwisho alegeze freni, azungushe kila gurudumu. Likigoma, amekaza kupita, na hiyo ngoma itachomeka njiani. Harufu utaisikia mbele ya kufika Sake.

Kusimama kwenye mulima: kanyaga freni ya muguu, vuta ya mukono, achilia muguu polepole uone kama gari inakaa. Zima moteri, ingiza vitesi ya kwanza kama pua inaangalia juu, ya kurudi nyuma kama inaangalia chini. Tena jiwe. Mawe ya volkano hapa kwetu hatununui, watu wa chukudu wanajua. Lakini ukiondoka, litoe barabarani! Pikipiki ngapi zimeanguka sababu ya jiwe la shofere?

Gari ya chama leo inafika tik 11. Inaomba kamba mbili na viatu vya nyuma, na bei ya makanika iko kwa muweka hazina, wafadhili wetu wanaweza kuiona. Mpaka itengenezwe, nitaleta maji na mizigo hapa Mugunga, lakini Mushaki sipandi nayo.