Shamba la Aliyekimbia

Yafaa katika siku hii ya furaha litajwe jambo moja lisilo la furaha, nalo ni mashamba ya watu waliokimbia Burundi.

Yaliyotokea mwaka 1972 hayahitaji kusimuliwa kwa urefu. Mwishoni mwa Aprili maasi yalizuka kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wengi wakauawa. Kisha ikaja adhabu ya majeshi, ikaenea nchi nzima, ikawachukua wenye hatia na wasio na hatia. Nao hao wa pili ndio waliokuwa wengi mno.

Itazamwe jamaa moja kwa mfano wa maelfu: baba, mama na watoto, wenye shamba la michikichi karibu na Rumonge. Walitoka usiku, wakafunga mlango kwa komeo kana kwamba safari ni ya siku tatu. Wakavuka hadi Kigoma, na serikali ya Tanzania ikawapeleka wakimbizi katika makazi ya bara. Wengine Ulyankulu, wengine Katumba, na baadaye Mishamo. Huko palikuwa msitu. Wakafyeka, wakalima mahindi na tumbaku, wakazika wazee wao. Watoto waliozaliwa huko waliijua Rumonge kwa masimulizi tu: mti huu, jiwe lile, kijito kile. Mwaka 2014 wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 walithibitishiwa uraia wa Tanzania, nayo ni hisani isiyosahaulika. Lakini maelfu wengine walichagua kurudi, hasa tangu mwaka 2008, na jamaa hii nayo ikarudi.

Walikuta michikichi yao ikichumwa na mtu mwingine. Wala si jambazi. Ni mtu wa msikitini, aliyepewa shamba na wakubwa wa wakati ule, ama aliyelinunua kwa fedha yake ya halali, akajenga, akazaa, akazika. Asemaye kwamba jambo hili ni jepesi hajapata kuketi baina ya watu wawili hao.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka wakimbizi warudishiwe mali zao, na isipowezekana walipwe fidia. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 mwanzoni ilipendelea pande mbili zigawane. Baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba zima, na kilio kikahama nyumba hii kikaingia nyumba ile. Hoja isikiwayo mara nyingi ni ya miaka: kwamba mtu amekaa pale miaka thelathini na zaidi. Sheria za dola huweza kuipa miaka uzito. Lakini aliyekimbia hakuuza, hakutoa zawadi, wala hakunyamaza kwa kuridhika. Alinyamazishwa na hofu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyenunua mali iliyoporwa humrudishia mwenyewe, kisha humdai yule aliyemwuzia. Kwa hiyo mnunuzi naye ana dai la kweli, ila mdaiwa si mkimbizi. Na ikiwa mgawaji alikuwa serikali, basi fidia itafutwe huko, wala asibebeshwe maskini aliyeshuka garini na godoro moja.

Liko jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona. Shamba linaporudi, mara nyingi ndugu wa kiume hugawana, na dada zao huachwa wakitazama, kwa kisingizio cha mila. Dada hao walifyeka msitu ule ule. Fungu lao katika mirathi lajulikana na kila aliyesoma chuoni, hata wale wajifanyao wamesahau.

Nao wazee wanaojua mipaka wanapungua. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1972 sasa amekwisha pita 70. Ajuaye lilipo jiwe la mpaka, la kwake au la jirani, na aende akalionyeshe mbele ya mashahidi juma hili hili, angali anaweza kutembea hadi pale.