Maumivu ya Mgonjwa na Dawa Yake



Mwaka mmoja tulimpelekea Komunyo mama mwenye saratani. Alikuwa akiuma shuka kwa maumivu, nasi tukamhimiza ayatolee pamoja na mateso ya Bwana. Chupa ya mofini ilikuwa dirishani, haijafunguliwa. Mumewe, katekista, aliiogopa kama sumu, tena kama dhambi. Hatukusema neno. Jambo hilo latusumbua hata leo.

Maumivu si ya namna moja. Ya jeraha au mfupa hutulizwa kwa parasetamoli na, yakizidi, kwa mofini. Ya mishipa ya fahamu huchoma kama moto. Hayo mara nyingi hudai dawa nyingine, kama amitriptilini. Tena yako ya moyoni: hofu, deni, mtoto msiyesemezana naye. Hapo chupa haitoshi.

Ni kweli, Bwana alikataa divai yenye manemane. Lakini hakumkataza mgonjwa yeyote dawa. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaeleza madaktari kwamba ni halali kutuliza maumivu makali ya anayekaribia kufa, hata kama dawa yaweza kufupisha maisha, mradi kifo chenyewe kisikusudiwe. Na mofini, ikifuata kipimo cha daktari, kwa kawaida haiharakishi kifo. Huko Uganda, hospisi iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 iliwapa wagonjwa mofini ya maji wainywe nyumbani kwao.

Kwa yule mama, muuguzi ndiye aliyeifungua chupa. Jioni aliomba uji, kisha akaomba mwanawe aitwe.