Imani kwa Mahakama Hairudishwi kwa Tangazo



Tumekutana kujibu swali moja: mwananchi aliyeshuhudia sheria ikipindwa kwa ajili ya wakubwa, ataiaminije tena mahakama?

Tunalijua jeraha hili. Mwaka 1988 Katiba ilirekebishwa, majaji wakanyang'anywa kinga ya kazi yao. Kinga hiyo ilirudishwa mwaka 1990, lakini woga haukuondoka nayo. Ndipo ikaja kashfa ya Goldenberg: mabilioni ya shilingi za umma yalilipwa kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu na almasi, na kesi zake zikazungushwa mwaka baada ya mwaka. Wahenga walionya kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Mwaka 2003 serikali mpya ilianza kusafisha nyumba. Majaji 23 na mahakimu 82 walishukiwa, na majina ya majaji yakatangazwa magazetini kabla wenyewe hawajasikizwa. Wengi wetu tulishangilia. Tulikosea. Tuliondoa watu, tukauacha mlango walioingilia: Rais aliendelea kumteua Jaji Mkuu apendavyo. Matokeo ya urais yalipopingwa Desemba 2007, waliopinga walikataa katakata kwenda mahakamani. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mahakama isipoaminiwa, panga hujitawaza hakimu.

Katiba ya 2010 ilishika njia nyingine. Anayetaka kuwa Jaji Mkuu huhojiwa hadharani, na Bunge huidhinisha. Mamlaka ya kushtaki yaliondolewa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Majaji na mahakimu waliokuwa kazini walipigwa msasa na bodi maalumu. Walijibu malalamiko, na uamuzi ukatolewa pamoja na sababu zake. Raila Odinga, ambaye upande wake uliikataa mahakama mwaka 2007, aliiendea mwaka 2013, akashindwa. Akarudi mwaka 2017. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilibatilisha ushindi wa rais aliyekuwa madarakani.

Basi imani huja pale mwenye nguvu na mnyonge wanaposikizwa kwa kipimo kimoja, mchana kweupe, na sababu zikaandikwa.

Nasi tusijitoe lawamani. Kila tunaponong'ona "penye udhia penyeza rupia" kwenye dirisha la karani, tunaibomoa mahakama tunayoidai. Imani ni deni: serikali iilipe kwa vitendo, nasi tusiache kuidai.