Kadi ya Biashara ni Ahadi kwa Mteja
Hotuba kwa vikundi vya wajasiriamali wa kata



Kila mwaka ifikapo Nane Nane, vikundi vya kina mama na vijana hupanga bidhaa zao katika viwanja vya maonesho: Nzuguni mkoani Dodoma, John Mwakangale mkoani Mbeya, Ngongo mkoani Lindi na kwingineko. Mnunuzi hupita, huonja asali, hunusa sabuni, husifu, kisha huenda zake. Wiki tatu baadaye huitaka ile asali kwa ajili ya duka lake. Wakati huo banda limekwisha kubomolewa. Kinachobaki kati yake na kikundi ni kadi iliyomo mfukoni mwake, iwapo alipewa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini hujiuza pale kinapoonekana; kikiwa mbali na macho, sharti pawe na njia ya kukifikia.

Jambo hili si la mapambo. Mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba; hata hivyo, ni deni. Deni hulipwa kwa mauzo, na mauzo humtegemea mteja anayerudi. Mteja aliyepiga simu asipate jibu huondoka na sehemu ya rejesho la mwezi.

Kwa hiyo, swali la kwanza si rangi ya kadi, bali namba iliyoandikwa juu yake ni ya nani. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa cha mtu mmoja. Mwenye laini akihama, au akitofautiana na wenzake, huondoka nayo, na kila mteja mwenye kadi humfuata yeye. Laini ikiachwa bila kutumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Kikundi chenye busara hulimaliza jambo hili mkutanoni na kuliandika katika muhtasari: laini ipi ni ya kazi, nani ataishika, na itakabidhiwa vipi uongozi unapobadilika. Aidha, ni vema kadi iwe na namba mbili za wanachama wawili.

Pili, maneno ya kadi yaseme kitu. “Wauzaji wa bidhaa mbalimbali” hakumwambii mtu lolote. “Asali ya nyuki wadogo, nusu lita na lita moja” humwambia cha kuagiza. Jina la kikundi liwe lile lililomo katika cheti cha usajili. Mahali patajwe kwa kijiji, kata na alama inayojulikana, kama vile mnada au zahanati. Anayetarajia wanunuzi wa nje ya nchi aandike namba yake kwa kuanzia na +255. Alama ya ubora ya TBS isiwekwe ila kwa bidhaa iliyopewa leseni ya kuitumia.

Gharama isiwe kisingizio. Kadi ya milimita 85 kwa 55 hukaa vema katika pochi, na karatasi moja ya A4 hutoa kadi 10. Ni afadhali kuanza na karatasi chache kuliko kuchapa kadi elfu moja zenye namba itakayobadilika.

Tatu, kadi haigawiwi kama tangazo la mkutano wa hadhara. Mwenye kuitoa hutanguliza salamu, husikiliza haja ya mwenzake, kisha humpa kwa mkono wa kulia, maandishi yakimwelekea mpokeaji. Akipewa ya mwenzake, huisoma kabla ya kuiweka mfukoni. Wakishaagana, huandika nyuma yake tarehe, mahali walipokutana na jambo waliloahidiana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu ni mali pia.

Siku moja au mbili baadaye, hupiga simu au kutuma ujumbe mfupi: jina la kikundi, mahali walipoonana, na jibu la swali aliloulizwa. Hapo ndipo wengi hushindwa, wakidhani kutoa kadi ndiko kumaliza kazi, na kadi walizopokea zikaishia kwenye droo.

Namba ya mtu aliyetoa kadi yake ni amana. Isiingizwe katika kundi la WhatsApp wala kupewa mwingine bila ridhaa yake; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa ajili ya kulinda taarifa za namna hiyo.

Vikundi vinavyotaka msaada wa kuandaa maneno ya kadi vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kwenda kwa mchapaji. Na kabla ya kadi kuchapwa, namba iliyomo ipigwe mbele ya wanachama wote. Ikiita, na ikapokelewa kwa jina la kikundi, kadi iko tayari.