Kuzuru kituo cha kuokoa wanyamapori: mambo ya kuzingatia kwa wakazi wa Kalemie

Kituo cha kuokoa wanyamapori hupokea wanyama walionyang'anywa wawindaji, wafanyabiashara au watu waliowafuga nyumbani. Huko hutibiwa, huzoeshwa tena kuishi na wenzao na, pale inapowezekana, hurudishwa msituni. Bustani ya wanyama imejengwa kwa ajili ya watazamaji. Kituo cha uokoaji kimejengwa kwa sababu uhalifu umekwisha kutendeka, na mgeni huingia kwa kiasi kisichomdhuru mnyama. Ziara isiyoizingatia tofauti hii ni afadhali isifanyike.

Kwa mkazi wa Kalemie, vituo viwili vinavyofaa kutajwa kwanza viko nje ya jimbo la Tanganyika. Cha kusini kipo Lubumbashi, nacho ni J.A.C.K., kifupisho cha jina la Kifaransa linalowataja wanyama wachanga walionyang'anywa Katanga. Kilianzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, wakati Kalemie yenyewe ilikuwa bado sehemu ya Katanga. Tanganyika ilikuja kuwa jimbo mwaka 2015. Cha kaskazini kipo Lwiro, Kivu Kusini, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Kilianza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, na kituo cha utafiti wa sayansi asilia ambacho majengo yake yaliachwa na Wabelgiji. Lwiro inalea sokwe mtu zaidi ya 100, pamoja na nyani na kima wa aina nyingi.

Idadi hiyo isimfurahishe mgeni. Sokwe mtu, ambaye watu wengi wa mashariki ya Kongo humwita sokomutu, huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au sita, na mtoto huyo hunyonya kwa takriban miaka minne hadi mitano. Mama hamwachi mtoto wake akiwa hai. Ili mtoto apatikane, mama hupigwa risasi, na mara nyingi huuawa pia wenzake wanaojaribu kumtetea. Nyama huliwa au huuzwa, na mtoto hufungwa kamba kiunoni akatafutiwa mnunuzi. Kwa hiyo kila sokwe mtu aliyefikishwa Lwiro au Lubumbashi akiwa mchanga ameacha nyuma maiti ya mama, na pengine maiti za kundi zima.

Jambo hili haliko mbali na Kalemie. Kaskazini ya mji, kwenye milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, kuna msitu wa Kabobo, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2016. Humo wanaishi sokwe mtu, na pia aina ya mbega iliyopewa jina la Prigogine, ambayo haijulikani kuishi mahali pengine duniani. Mashamba mapya, uchimbaji wa dhahabu na mitego ya waya vinausonga msitu huo. Kalemie nayo ina bandari na reli. Kinachotoka msituni hakikosi njia ya kusafiri.

Mnyama akifika kituoni, hatua ya kwanza ni karantini. Kwa sokwe mtu muda huo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi mitatu, naye hupimwa kifua kikuu, minyoo na magonjwa mengine kabla ya kukutanishwa na wenzake. Wengi hufika wamekonda, wana vidonda vya kamba au vya waya, wengine wakiwa na risasi mwilini. Vidonda hupona upesi kuliko hofu. Sokwe mchanga aliyeona mama yake akiuawa anaweza kukataa chakula, kujikumbatia na kuyumba mbele na nyuma kwa saa nyingi. Hapo dawa ni mlezi. Mtu mmoja hushika nafasi ya mama: humbeba, humnywesha maziwa kwa chupa na kulala karibu naye. Kazi hii, inayofanywa na wanawake na wanaume wa vijiji jirani, ndiyo moyo wa kituo, ingawa wageni huisahau wakimtazama mnyama tu.

Baadaye mlezi lazima ajiondoe polepole. Mtoto huunganishwa na watoto wenzake, kisha na kundi la wakubwa, ambako hujifunza kupanda miti, kuchagua majani na kujua nani anaheshimiwa. Makundi hushinda katika maeneo yenye miti yaliyozungushiwa uzio wa umeme, na jioni huingia mabandani kula na kulala. Vituo vingi huwapa majike dawa za kuzuia mimba, kwa kuwa kila mtoto anayezaliwa hapo huchukua nafasi ya yatima ambaye bado yuko kwenye kamba.

Mgeni anaingia wapi katika mpango huu? Hatari kubwa anayoileta ni pumzi yake. Mafua ambayo kwa binadamu ni usumbufu wa siku tatu yanaweza kumuua sokwe. Ng'ambo ya ziwa, huko Gombe karibu na Kigoma, ugonjwa wa kupooza wa polio uliingia mwaka 1966, ukaua baadhi ya sokwe na kuwaacha wengine vilema. Mwongozo wa mwaka 2015 wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kuhusu afya ya sokwe unataka mtu avae barakoa na akae umbali usiopungua mita 7. Mwenye kikohozi, homa au kuhara abaki nyumbani, hata kama amesafiri kutoka mbali. Chakula hakitupwi ndani ya uzio, na mnyama haguswi. Picha ya mtu aliyembeba sokwe mtoto, hata ikipigwa kwa mapenzi, huwafanya wengine watamani kuwa na wa kwao, na tamaa hiyo ndiyo inayomrudisha mwindaji msituni.

Ulezi huu ni mrefu na wa hatari. Sokwe mtu anayetunzwa vizuri anaweza kufikia miaka 50, kwa hiyo anayempokea mmoja leo anawaachia warithi wake wajibu huo. Septemba 2022 watu waliiba sokwe watoto watatu katika kituo cha J.A.C.K. na kudai fedha ili wawarudishe. Waanzilishi walikataa, kwa kuwa kulipa kungewaalika wezi wengine. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Bukavu na maeneo ya Kahuzi-Biega. Hata wakati wa vita wanyama hawa lazima wale kila siku, nao walezi lazima wafike kazini.

Kurudisha porini ndilo lengo linalotajwa sana, lakini hufikiwa kwa shida. Huhitajika msitu wenye chakula, usio na wawindaji, na wenyeji walioridhia. Inawezekana hata hivyo. Bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe mtu, waliolelewa katika kituo cha Lola ya Bonobo, karibu na Kinshasa, walianza kuachiliwa katika misitu ya Équateur mwaka 2009. Gorila wanne wa kike waliolelewa katika kituo cha GRACE, Kasugho, Kivu Kaskazini, waliachiliwa mwaka 2024 katika Mlima Tshiabirimu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambako gorila walikuwa wamebaki wachache mno.

Shule, parokia, misikiti na vyama vya wavuvi vya Kalemie havihitaji kungoja safari ya Lubumbashi ili vianze kazi. Sheria namba 14/003 ya 11 Februari 2014 inalinda wanyama hawa na kuwaadhibu wanaowakamata au kuwauza. Anayemkuta sokwe, kima au kasuku wa kijivu akiuzwa awajulishe ICCN au idara ya mazingira ya jimbo, aeleze mahali na saa, wala asimnunue hata kwa huruma. Fedha ya mnunuzi mwenye huruma inamlipa mwindaji sawasawa na fedha ya mnunuzi mwingine yeyote.