UKIITWA NA MWENZIO ALIYE MAREKANI: MASHARTI YA VIZA YA NDOA NA HATUA ZINAZOFUATA

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii mbele ya wakazi wa kambi, Kiryandongo. Yamechapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo sitazungumza juu ya mgao wala juu ya maji. Nataka tuzungumze juu ya viza ya ndoa. Mara kwa mara huja mtu kwenye meza yetu na barua mkononi, akisema, "Mume wangu ananiita," au, "Mke wangu ameniombea." Furaha anayo, lakini masharti hayajui. Nami nimeona katika nyumba yetu wenyewe kwamba asiyejua masharti huishi kwa hofu.

Wengi wetu tuliotoka Kenya tulivuka mpaka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008. Tulipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo tukaletwa hapa. Wengine walibaki kwa jamaa zao karibu na mpaka. Dada yangu mkubwa alibaki Tiira, akiwauzia chai wachimbaji wa dhahabu. Miaka ikapita, akaposwa na mwana wa pale pale Tiira aliyekuwa amekwisha kuwa raia wa Marekani. Ng'ombe wakatolewa, wazee wakala, ngoma ikapigwa. Sisi tulidhani mambo yote yamekamilika.

CHETI KWANZA

Kwa mila yalikuwa yamekamilika. Kwa ubalozi yalikuwa hayajaanza. Ubalozi haukuwako siku ya mahari, kwa hiyo hutaka karatasi.

Katika Uganda, ndoa ya kimila huandikishwa kwa msajili katika ofisi ya gombolola. Sheria ya 1973 inataka wenye ndoa waende na mashahidi wasiopungua wawili, kabla ya miezi sita kupita tangu sherehe kumalizika. Dada yangu alikwenda akiwa amechelewa, na kazi ya siku moja ikachukua karibu mwaka. Basi wewe uliyeoa au kuolewa kwa mila, hata kama huna safari yoyote, nenda ukaandikishe.

Pia, ukioa au ukiolewa, jina la mwenzio liingizwe katika kumbukumbu zako za ukimbizi. Mtu aliyejiandikisha hapa kuwa hana mume, kisha akasema ubalozini kwamba ameolewa miaka mitano, ataulizwa ni wapi alisema kweli. Ikiwa kuna kosa, lisahihishwe sasa, kabla ya mahojiano. Mkimbizi asiye na pasipoti aombe hati ya kusafiria kwa Ofisi ya Waziri Mkuu.

Na jambo moja kwa wazee: sheria ya Marekani haitambui mke wa pili wakati ndoa ya kwanza ingali hai. Mtu asidanganyike kulipa pesa kwa ajili hiyo.

KABLA YA KUUZA MBUZI

Milango hufunguliwa na kufungwa. Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, na tangu mwaka huo viza za raia wa nchi nyingi zimewekewa vizuizi. Kinachotazamwa katika vizuizi hivyo ni uraia wako. Kwa hiyo, kabla ya kuuza mbuzi ili ulipe ada, njoo uulize hali ya nchi yako ikoje wiki hiyo. Usimwulize dalali, kwa maana yeye atakuambia kila mlango uko wazi.

SIKU YA KUSAFIRI

Ukipewa viza, tazama tarehe ya mwisho. Kwa kawaida haizidi miezi sita. Ukipewa bahasha iliyofungwa na ubalozi, usiifungue. Iko ya kufunguliwa na ofisa wa uhamiaji huko uendako. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa na karatasi za chanjo viwe katika mkoba wa mkononi, visiingie katika sanduku.

Viza hiyo ikipigwa muhuri uwanjani, hutumika kama kadi ya ukaazi kwa mwaka mmoja, wakati kadi yenyewe inatengenezwa. Tangu siku hiyo una ruhusa ya kufanya kazi. Omba namba ya hifadhi ya jamii, maana waajiri huidai. Kila ukihama nyumba, iarifu idara ya uhamiaji kabla ya siku 10 kupita, kwa fomu AR-11.

KADI YA MIAKA MIWILI

Hapa naomba msikilize sana. Ikiwa siku ya kuingia Marekani ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, utapewa kadi ya masharti ya miaka miwili. Ikiwa imetimiza, utapewa kadi ya miaka 10. Kinachohesabiwa ni siku ya kuingia. Mtu aliyefunga ndoa Juni 2023 akaingia Mei 2025 alipata kadi ya miaka miwili. Aliyefunga ndoa siku hiyo hiyo akaingia Julai 2025 alipata ya miaka 10.

Mwenye kadi ya masharti lazima apeleke fomu I-751 ili masharti yaondolewe. Ipelekwe katika siku 90 za mwisho kabla ya miaka miwili kutimia, nayo hutiwa sahihi na mume na mke pamoja. Usipoipeleka, ukaazi wako unakwisha. Tangu siku ya kwanza weka ushahidi kwamba mnaishi pamoja: mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, karatasi za benki, picha, vyeti vya watoto.

NYUMBA IKIWA NA UGOMVI

Dada yangu alifika mwezi wa baridi. Baada ya miezi michache bwana alichukua hati zake akazifungia kabatini. Kila wakigombana alimwambia, "Nikisema neno moja, utarudishwa kambini." Mwanzoni alikuwa akitupigia simu kila Jumapili, kisha akaacha. Sisi huku tulimwombea, tukamwambia avumilie, maana hata sisi tuliamini maneno ya bwana yule.

Hayakuwa kweli. Kabla hujasafiri, mwenzio anaweza kuondoa ombi lake na safari ikafa. Lakini ukisha kuingia na kupokelewa kuwa mkaazi, yeye hana uwezo wa kukufukuza nchini. Anayeweza kukuondolea ukaazi ni serikali, kwa njia ya sheria, nawe una haki ya kusikilizwa na hakimu.

Tena, sheria inaruhusu fomu ile ile ya I-751 kupelekwa na mtu mmoja peke yake, ikiwa ndoa ilifungwa kwa nia njema na mwenzio amefariki, au mmeachana kisheria, au umepigwa au kutendewa ukatili. Mtu huyo halazimiki kungoja miaka miwili itimie. Kifungu cha ukatili kiliongezwa katika sheria mwaka 1990, na kinamlinda mwanamume kama kinavyomlinda mwanamke.

Mambo mengine ya kushika:

1. Kumpiga mke au mume ni kosa la jinai huko. Ukiwa hatarini piga 911. Ukitaka ushauri piga 1-800-799-7233. Namba hiyo hailipiwi, hufanya kazi usiku na mchana, na unaweza kuomba mkalimani.

2. Hati zako ni mali yako. Kabla ya kusafiri, acha nakala za zote kwa ndugu unayemwamini.

3. Aliyekuombea hutia sahihi ahadi kwa serikali kwamba atakutunza. Talaka peke yake haiiondoi ahadi hiyo.

Mwanamke mmoja wa kanisani kwao ndiye aliyempa dada yangu namba hiyo. Alipata pa kulala, akapata mwanasheria asiyedai malipo, akapeleka fomu peke yake. Leo ana kadi ya miaka 10. Lakini alikaa mwaka mmoja na nusu akiogopa neno ambalo halikuwa na nguvu. Kama mmoja wetu angelijua sheria, angelimwambia kwa simu Jumapili ile ya kwanza.

NDOA YA KUNUNUA

Wako madalali wanaopita wakiuza ndoa za karatasi. Wanasema utaolewa leo, utasafiri mwakani, utaachwa baadaye. Sheria ya Marekani ya 1986 huadhibu jambo hilo kwa kifungo kinachoweza kufika miaka mitano na faini inayoweza kufika dola 250,000. Na mgeni aliyepatikana na ndoa ya uongo hatapewa viza kwa ombi la mwenzi mwingine baadaye, hata kama ndoa hiyo ya pili ni ya kweli.

MASWALI YALIYOULIZWA

Swali: Mimi bado ni mchumba. Naweza kwenda?
Jibu: Iko viza ya uchumba, kwa mchumba wa raia wa Marekani. Ukifika, lazima mfunge ndoa katika siku 90, na ni yule yule aliyekuombea. Huwezi kubadilisha mtu. Baada ya ndoa unaomba kadi ya ukaazi, nayo huwa ya masharti.

Swali: Mume wangu alikwenda kama mkimbizi, hajawa raia.
Jibu: Yako ni njia nyingine. Hutumia fomu I-730, kabla ya miaka miwili kupita tangu alipofika. Ndoa lazima iwe ilikuwako kabla ya yeye kuingia Marekani. Ndiyo maana tunasema, aliye na mke asiandikishe kwamba hana. Njia hii nayo imeguswa na vizuizi nilivyotaja, kwa hiyo uliza kwanza.

Swali: Nitapata uraia lini?
Jibu: Mkaazi anayeishi na mume au mke aliye raia anaweza kuomba baada ya miaka mitatu. Wengine hungoja mitano.

Ndugu zangu, safari njema si dhambi, na ndoa ni jambo la heri. Aliye na barua kutoka ng'ambo aje nayo kwenye meza ya huduma za jamii, tuisome pamoja. Na aliye na binti aliyekwisha kufika huko, ampigie simu jioni hii. Akisikia sauti yake ina woga, asimwambie avumilie tu. Amsomee ukurasa huu.