Skrini Nyingi, Kadi Mbili: Tatizo Liko Wapi na Vifaa Viagizwe Vipi
Mada kwa semina ya mafundi, wakufunzi wa TEHAMA na maofisa wa upimaji ardhi, Bumula, Kaunti ya Bungoma

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuunganisha skrini kadhaa za mwonekano wa juu kwenye kompyuta yenye kadi mbili za michoro. Nitakayoyasema ni maoni yangu ya kitaaluma. Si msimamo wa kaunti wala wa idara yoyote. Ofisi nitakazozitolea mfano sitazitaja kwa jina.

1. Maana ya maneno

Hapa nitapita haraka kwa kuwa wengi mnayajua. Skrini ya kawaida ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani kama milioni mbili. Skrini ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, mara nne ya ile. Kadi ya michoro ndiyo inayozichora pikseli hizo na kuzituma kwenye skrini, kwa kawaida mara 60 kila sekunde. Kompyuta huhesabiwa kuwa na kadi mbili ikiwa imechomekwa kadi mbili kwenye mazabodi, au ikiwa ina michoro ya ndani ya prosesa pamoja na kadi moja iliyoongezwa. Hali hii ya pili ndiyo iliyo kwenye ofisi zetu nyingi, na ndiyo itakayonichukulia muda.

2. Kwa nini Bumula

Kuna wanaosema skrini tatu ni anasa. Lakini mpimaji anayelinganisha mipaka ya mashamba huhitaji kuona kwa wakati mmoja ramani ya zamani iliyoskaniwa, picha ya setilaiti, na jedwali la wamiliki. Akiwa na skrini moja ndogo hufungua hiki akifunga kile, na hapo ndipo namba ya shamba hunakiliwa vibaya. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni za bure, zina pikseli ya mita 10. Skrini ya HD huonyesha eneo la takriban kilomita 19 kwa 11 bila kupunguza picha. Ile ya 4K huonyesha eneo la kilomita 38 kwa 21 na nusu, ambalo laweza kubeba sehemu kubwa ya Bumula kwa mtazamo mmoja. Tangu Ardhisasa, mfumo wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, ilipozinduliwa Nairobi mwezi Aprili 2021, sote tunajua kumbukumbu za ardhi zinaelekea wapi. Kazi ya ramani itafanyika kwenye skrini, na ni vyema ifanywe bila kubahatisha.

3. Tundu la nyuma

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimepambana nalo kwa miaka mingi.

Kompyuta tulizo nazo, sehemu kubwa, ni zile za mezani zilizotumika kwanza Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kisha zikaletwa huku kuuzwa tena. Ni mashine imara na sina neno baya juu yake. Zina michoro ya ndani ya prosesa, na matundu yake yako nyuma kwenye mazabodi. Ofisi ikiambiwa inahitaji skrini tatu, hununua kadi ya michoro na kuichomeka. Fundi akitazama nyuma sasa anaona matundu mengi: mawili ya kadi, mawili au matatu ya mazabodi. Kebo mbili anazitia kwenye kadi. Ya tatu anaitia kwenye mazabodi, kwa kuwa tundu lipo na kebo inaingia.

Mara nyingi skrini ile ya tatu haiwaki kabisa. BIOS za mashine nyingi zikiona kadi imechomekwa huzima michoro ya ndani zenyewe. Skrini si mbovu, wala kebo si mbovu. Kinachohitajika ni kuingia BIOS na kuruhusu michoro yote miwili ifanye kazi pamoja, kama mashine inakubali; nyingine hazina chaguo hilo. Nimeona skrini nzima ikirudishwa dukani kwa sababu hii, na ikaletwa nyingine iliyokaa gizani vilevile.

Pengine skrini inawaka, ila kishale cha mausi kinajikokota. Hapo tatizo ni tundu lenyewe. HDMI toleo la 1.4, la mwaka 2009, hubeba 4K mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0 lililokuja 2013 ndilo lililofika 60. Kompyuta za prosesa za Intel za kizazi cha 10 kurudi nyuma, hata zikiwa za mwaka 2020, kwa kawaida zina HDMI 1.4 kwenye mazabodi, ingawa DisplayPort iliyo kando yake, kuanzia toleo la 1.2, inabeba 4K kwa 60 bila shida. Sentimita chache tu kutoka tundu moja hadi jingine, na mfanyakazi anashinda mwaka mzima akiumwa na macho.

Tatizo la tatu ndilo lililonisumbua zaidi kwa sababu halionekani. Skrini zote zinawaka na zote ziko 60. Mchoraji anafungua AutoCAD kwenye skrini ya kwanza, mambo yanakwenda. Akilivuta dirisha hadi skrini ya tatu, linakwama. Programu inachorwa na kadi moja, na skrini imeshikwa na michoro mingine. Kwa hiyo kila picha lazima ichorwe huku, inakiliwe hadi kule, ndipo ionyeshwe. Pikseli milioni nane, mara 60 kwa sekunde, zinahamishwa bila faida yoyote. Ofisi ikilalamika, jibu linalotolewa ni kwamba kadi ni ndogo, nunueni kubwa. Inanunuliwa kubwa. Inakwama vilevile, kwa sababu njia ya picha haikubadilika. Fedha za umma zimepotea hivyo mara nyingi, nami nasema hili kwa uchungu.

Kuhusu kuunganisha kadi mbili zinazolingana ziwe kama moja, kwa SLI au CrossFire, nitasema kidogo tu. Mbinu hiyo ilitengenezwa kwa michezo. Kadi mbili za gigabaiti nne hazikupi nane. Zinabaki nne, kwa kuwa kila moja huhifadhi nakala yake. Aidha, SLI ikiwashwa, matundu ya kadi ya pili mara nyingi huzimika, na skrini zilizokuwa huko zinakufa. NVIDIA yenyewe iliacha kuongeza profaili mpya za SLI kuanzia Januari 2021. Hakuna ofisi ya ramani inayoihitaji.

Ukweli ni kwamba kadi moja yatosha. Kadi ndogo kama Quadro P620 ina matundu manne ya Mini DisplayPort 1.4, yaendesha skrini nne za 4K kwa 60, hutumia wati 40, na inaingia kwenye mashine nyembamba ambazo pawasaplai zake ni za wati 200 na kitu. Haihitaji waya wa ziada wa umeme, kwani nafasi ya PCI Express yenyewe hutoa hadi wati 75.

4. Mapendekezo

Skrini zote ziunganishwe kwenye kadi moja. Nimekwisha kulisema na nitalisema tena, kwa sababu hili pekee huondoa robo tatu ya malalamiko ninayoitiwa.

Matundu ya mazabodi yafunikwe kwa vifuniko vya plastiki baada ya kadi kuchomekwa. Ni hatua ya bei ndogo sana, na mfanyakazi anayesafisha meza hatachomeka kebo pasipofaa.

Pale ambapo kadi mbili haziepukiki, mathalani chumba chenye skrini sita, skrini za kazi nzito zikae kwenye kadi moja na za kutazama tu kwenye nyingine. Katika Windows 10 na 11, mipangilio ya michoro inaruhusu kuchagua kadi kwa kila programu, mafundi waizoee. SLI isiwashwe.

Adapta ziangaliwe. Ile ya bei rahisi ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi upande mmoja tu. Ukiigeuza haitoi picha. Kebo ya HDMI ya 4K iwe imethibitishwa kwa gigabiti 18 kwa sekunde. Ikiwezekana, DisplayPort kwa DisplayPort, bila adapta yoyote.

Kompyuta na skrini zake zote ziwe kwenye UPS moja yenye uwezo unaotosha. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, skrini moja hurudi kabla ya nyingine na Windows hupanga upya madirisha yote.

Wakufunzi waongeze zoezi hili kwenye mafunzo: mwanafunzi apewe mashine yenye matundu ya aina mbili, aeleze kila tundu ni la nani kabla hajagusa kebo.

Na zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 60, haitaki tutaje chapa pale ambapo maelezo yanatosha. Basi tuandike maelezo yanayotosha. "Kompyuta yenye kadi mbili na skrini tatu za 4K" si maelezo. Mzabuni atakuletea chochote na atakuwa hajavunja mkataba. Iandikwe: kadi moja ya michoro, matundu manne ya DisplayPort toleo la 1.4, isiyozidi wati 50, inayoingia kwenye kasha jembamba, pamoja na kebo zake. Kamati ya ukaguzi isisaini kupokea vifaa mpaka skrini zote ziwake pamoja, kila moja ikionyesha 60 kwenye mipangilio yake. Skrini zote kwenye kadi moja, narudia.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Nawaomba wakuu wa idara walioko hapa, kabla karatasi za zabuni hazijatoka, wampe fundi wao aisome sehemu ya vifaa, na asikilizwe akisema kadi ya pili haihitajiki.